Mtoto Asiyestahimili Amri

Shule ni mji wa amri. Tangu kengele ya asubuhi inapolia mpaka ile ya mwisho inapowafungulia watoto njia ya kurudi kwao, mwanafunzi huambiwa asimame, aketi, anyamaze, ajibu, afungue kitabu, akifunge, apange mstari, angoje zamu yake, na amalize kazi kabla ya wakati kwisha. Na juu ya amri hizo zinazotamkwa kwa ulimi zipo nyingine nyingi zisizotamkwa, kama sare aliyovaa, kiti alichopangiwa, saa iliyotundikwa ukutani, na macho ya wenziwe yanayomwelekea pindi anapoulizwa swali. Watoto wengi huzizoea amri hizi upesi hata wasizihisi tena, na wale wanaozichukia huzitii vivyo hivyo, kwa kuwa wameona kwamba kutii ni nafuu kuliko kukataa. Lakini wapo watoto wachache ambao kila amri, hata iwe ndogo namna gani, huwafikia kama kitisho, ikawatia wahka na kuwasukuma watafute njia ya kuikimbia kabla hawajapata kufikiri kama kazi yenyewe ni ngumu au rahisi, ya kupendeza au ya kuchosha. Mtoto wa namna hii aghalabu huitwa mkaidi, mjeuri, au mtoto aliyedekezwa na wazazi wake. Na kwa kuwa jina alilopewa si lake, dawa anayopewa nayo huwa si yake.

Aliyetangulia kuandika habari za watoto hawa kwa utaratibu wa kitaalamu ni Elizabeth Newson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nottingham nchini Uingereza, ambaye yeye na mumewe, John Newson, walitumia miaka mingi wakichunguza malezi na makuzi ya watoto. Katika miaka ya 1980 alikuwa akiletewa watoto waliodhaniwa kuwa na usonji, yaani ile tofauti ya makuzi ya ubongo, ya tangu utoto, iliyoelezwa na tabibu Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, na ambayo humfanya mtu aone mashaka katika kufahamiana na wengine, ashikilie mazoea yake, na aumizwe na sauti, mwanga au mguso usiowasumbua watu wengine. Watoto hao walikuwa na mengi ya usonji, lakini hawakufanana na picha ambayo matabibu wa siku zile waliizoea: walikuwa wachangamfu wa maneno, walijua kumtazama mtu usoni, na walikuwa hodari wa michezo ya kujifanya, ambayo watoto wenye usonji walisemekana kuwa hawaiwezi. Jambo moja liliwakusanya pamoja, nalo ni kukwepa kwao matakwa ya kila siku kwa nguvu na kwa hila zilizopita mpaka. Newson akaipa hali hiyo jina lenye maana ya ukwepaji wa matakwa uliokithiri hata ukawa ugonjwa, na mpaka leo hujulikana kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza, PDA. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Uingereza la maradhi ya watoto makala iliyojengwa juu ya habari za watoto 150, wakidai kwamba hali hii inastahili kutambuliwa kuwa na mahali pake ndani ya jamii ya usonji. Newson alifariki mwaka 2014, na kazi yake ikaendelezwa na waliofanya kazi pamoja naye, miongoni mwao Phil Christie, aliyeandika sana juu ya namna ya kuwafundisha watoto hawa.

Dalili alizozitaja Newson ni nyingi, na inafaa mwalimu azifahamu kwa kuwa hazionekani zote kwa siku moja. Ya kwanza na kubwa ni huko kukwepa. Hila za mtoto huyu aghalabu ni za werevu: mara hugeuza mazungumzo na kumsifu mwalimu nguo yake, mara hutoa udhuru, kwamba mguu umekufa ganzi, kwamba mkono wake leo hauandiki, kwamba yeye ni paka na paka hawajui hesabu, mara hujadiliana kama wakili barazani, akitafuta sharti moja baada ya jingine, mara husema maneno mfululizo, yasiyo na mbele wala nyuma, ili sauti ya anayeamuru izame ndani yake. Hila zote zikishindwa, na amri ingali imemkabili, ndipo hulipuka kwa kilio, matusi na kurusha vitu, au hutoroka darasani, au hunyamaza na kujikunyata chini ya meza kana kwamba hasikii. Dalili nyingine ni uchangamfu usio na kina, kwa maana kwamba mtoto hujua kuzungumza na watu lakini hajioni kuwa chini yao kwa umri wala cheo, akimwambia mwalimu mkuu afanye hili na lile kama anavyomwambia mtoto mwenziwe. Hugeuka upesi kutoka furaha hadi ghadhabu, hupenda kuingia ndani ya nafsi ya mtu mwingine, awe mwalimu, mfalme au mnyama, na fikira zake huweza kumng'ang'ania mtu mmoja, kwa mapenzi au kwa chuki, siku nyingi bila kupungua. Fauka ya hayo, Newson aliona kwamba wasichana kwa wavulana katika watoto aliowachunguza walikaribia kuwa sawa kwa idadi, ilhali usonji kwa jumla ulikuwa ukitambuliwa zaidi kwa wavulana.

Mwenye kusoma habari hizi anaweza kusema kwamba hayo si mageni, kwa kuwa kila mtoto hukwepa kazi, na hata mtu mzima huahirisha asichokipenda. Ni kweli, lakini mkaidi wa kawaida hukataa lile asilolitaka ili apate lile alitakalo, na mtoto tunayemzungumza hukosa hata lile alitakalo. Huomba kwa wiki nzima apelekwe matembezini, na saa ya kutoka ikifika miguu humgomea. Huwa na njaa na chakula anachokipenda kikawekwa mbele yake, lakini kwa sababu ameambiwa njoo ule, chakula hicho hakipiti kooni. Wapo ambao hata haja za mwili wenyewe, kama kwenda chooni au kulala, huziona kuwa amri nyingine inayowasonga. Hapa ndipo wataalamu wengi walipokubaliana kwamba mzizi wa jambo hili si jeuri bali ni wahka: mtoto huhisi salama pale tu anapohisi kwamba hatamu ya mambo iko mkononi mwake, na kila takwa linalotoka kwa mwingine, au linalotoka ndani ya nafsi yake mwenyewe, humnyang'anya hatamu hiyo. Anayekataa kwa hofu hafanani na anayekataa kwa kiburi, ijapokuwa maneno yanayotoka vinywani mwao yanaweza kuwa yale yale.

Kwa sababu hiyo nidhamu ya kawaida ya shule, ambayo huwafaa wengi, kwake hugeuka kuwa moto uliomwagiwa mafuta. Adhabu huongeza kitisho juu ya hofu, na hofu ikizidi, uwezo wa kutii hupungua. Kuhesabu moja mpaka tatu, au kumpa nafasi ya mwisho mbele ya darasa zima, ni kumfungia milango yote ya kutokea isipokuwa ule wa mlipuko. Ajabu zaidi ni kwamba hata wema hushindwa ukija kwa sura ya takwa. Jedwali la nyota, ambalo mtoto hubandikiwa nyota moja kwa kila tendo jema mpaka apate zawadi siku ya Ijumaa, kwake ni amri ya siku tano mfululizo, na mara nyingi huiharibu nafasi yake mwenyewe siku ya kwanza ili mzigo wa kungojea umwondokee. Sifa nazo zahitaji uangalifu, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa mbele ya wenziwe kwamba ameandika vizuri sana husikia ndani ya maneno hayo kwamba kesho atatakiwa aandike vile vile, na si ajabu akaichana karatasi yake papo hapo. Hata njia zinazosifiwa kwa watoto wengine wenye usonji, kama ratiba isiyobadilika na maelekezo mafupi yaliyo wazi, zaweza kumwelemea huyu, kwa sababu ratiba ni safu ya amri na maelekezo yaliyo wazi ni amri isiyo na mlango. Mwalimu mwema aliyejifunza njia hizo kwa bidii na kuziona zikishindwa asidhani kwamba ameshindwa yeye.

Basi shule inayotaka kumsaidia huanzia wapi? Huanza kwa kumpatia mtu mzima mmoja, au wawili, ambao atawajua na watamjua, maana kwa mtoto huyu elimu hupita katika uhusiano kabla ya kupita katika kitabu. Mtu huyo hahitaji kuwa mwalimu wa cheo kikubwa. Anahitaji kuwa mtulivu, mwenye uso mkunjufu na sauti isiyopanda, mwepesi wa kubadili shauri njiani, na asiye na haja ya kushinda kila hoja. Kazi yake ya kwanza ni kuhesabu amri zinazomkabili mtoto kwa siku na kuzipambanua. Zipo za lazima, ambazo ni chache mno: mtoto asijidhuru, asidhuru wengine, asitoke nje ya ua wa shule peke yake. Zipo zenye faida lakini zinaweza kungoja, kama kuandika kwa kalamu badala ya kusema jibu kwa mdomo. Na zipo ambazo zikitazamwa kwa insafu huonekana kuwa ni mazoea tu, kama kuketi kitini wakati wote, au kuvaa tai, au kuanza swali la kwanza kabla ya la pili. Mwalimu akiyaachilia haya ya mwisho kwa hiari yake, na mapema, hajashindwa na mtoto. Ameihifadhi nguvu yake kwa ajili ya yale yasiyoachika. Na hayo yasiyoachika yafaa yasimamishwe juu ya kanuni ya wote, si juu ya matakwa ya mtu: kuambiwa kwamba sheria ya usalama inakataza watu wote, walimu kwa wanafunzi, kupanda juu ya dari humkera mtoto kidogo kuliko kuambiwa na mwalimu kwamba mimi sitaki upande.

Jambo la pili ni namna ya kusema. Amri ile ile yaweza kuvuliwa ukali wake bila kupoteza maana yake, na walimu waliozoea kazi hii huijua sanaa hiyo kama wengine wanavyojua kughani. Badala ya kusema, vaa koti lako, mwalimu husema kwamba nje leo kuna baridi na kwamba makoti yako kwenye ndoano. Mtoto akalivaa kwa uamuzi wake. Badala ya kusema, fanya hesabu hii, hujisemea kwa sauti kwamba jibu alilopata yeye linamtia shaka na angependa kujua limeharibika wapi. Mtoto mwerevu hupenda kumsahihisha mwalimu, na katika kumsahihisha huifanya hesabu. Huweza kumpa khiyari mbili, aanze kusoma au kuchora, aketi mezani au chini kwenye jamvi, na akaongeza ya tatu, kwamba kama analo shauri jingine atalisikiliza. Huweza kuuliza swali lisilomlenga mtu, au kumwachia mtoto karatasi mezani na kuondoka, kwa kuwa macho yanayosubiri nayo ni amri. Lakini hila hii ina mpaka wake, kwa sababu watoto hawa ni wepesi wa kuhisi wanapochezewa. Khiyari iwe ya kweli, na ahadi ikitolewa itimizwe, la sivyo imani itavunjika na kuijenga upya ni kazi ya miezi.

Ya tatu ni kuutumia uwezo wa mtoto wa kujifanya. Mtoto anayekataa kusoma kama mwanafunzi huweza kusoma kama mtangazaji wa redio, au kama mwalimu anayewafundisha vikaragosi vilivyopangwa mbele yake. Na wapo ambao huambiwa la kufanya na kikaragosi cha mkononi wakakitii, hali wangemkataa mwalimu aliyekishika. Vivyo hivyo kile kinachomshughulisha, kiwe ni treni, wanyama wa baharini au maisha ya mtu fulani mashuhuri, kinaweza kuwa mlango wa hesabu, wa jiografia na wa uandishi, almuradi mwalimu asikipore na kukigeuza kazi tupu, maana lile alilolipenda likishakuwa takwa, nalo atalikimbia.

Pamoja na hayo, kiwango cha matakwa chapaswa kupanda na kushuka kwa kufuata hali ya mtoto siku hiyo na saa hiyo, si kwa kufuata ratiba iliyobandikwa mlangoni. Nahodha hafungi demani, ile kamba ya tanga, moja kwa moja akaenda kulala. Upepo ukizidi huilegeza, ukitulia huikaza, na jahazi likaendelea na safari. Asubuhi ambayo mtoto amelala vizuri na hakuna jambo lililomshtua njiani, huweza kutakiwa mengi na akayachukua. Baada ya zogo la uwanjani, au siku ambayo mwalimu wake hayupo, hata kumwambia aketi huwa ni kuzidi. Wanaodhani kwamba kupunguza matakwa leo ni kumfundisha mtoto kutofanya lolote milele hawajaona jinsi hofu ikishuka anavyoanza kujaribu mwenyewe mambo aliyoyakataa.

Kuna na wakati wa tufani. Mlipuko ukishatokea, hapana somo linaloweza kufundishwa ndani yake, wala swali la kwa nini halifai kuulizwa, kwa sababu mtoto aliye katika hali hiyo hana akili ya kujibu. Yuko katika kujiokoa. Mtu mzima aliye karibu hupunguza maneno, husogea pembeni badala ya kusimama mbele yake, huwatoa watoto wengine kwa utaratibu kama pana hatari, na hungoja. Shule zilizo na busara huandaa mapema mahali pa utulivu ambapo mtoto huweza kwenda bila kuomba rukhsa kwa maneno, pengine kwa kuonyesha kadi tu, na pahali hapo pasiwe pa adhabu kamwe, maana kimbilio likigeuzwa kifungo halikimbiliwi tena. Tufani ikipita, wengi wa watoto hawa hujaa haya na majuto, na kumhutubia wakati huo ni kumrudisha alikotoka. Mazungumzo ya kutafuta nini kilitangulia na nini kingeweza kufanywa hungoja saa nyingine, na huzaa matunda zaidi yakifanywa kama shauri la watu wawili kuliko kama hukumu ya mmoja.

Lipo tatizo jingine linalofichika zaidi, nalo ni la mtoto anayeonekana mtulivu shuleni. Baadhi yao, na hasa wasichana, huweza kujizuia kutwa nzima, wakiigiza utiifu kwa gharama kubwa ya nafsi, na mlango wa nyumbani ukifungwa nyuma yao ndipo yote yaliyozuiliwa hufumuka juu ya mama na ndugu. Mama huyo akienda shuleni kueleza, hujibiwa kwamba hapa mtoto hana neno lolote, na maana iliyofichwa ndani ya jibu hilo ni kwamba kasoro iko kwake yeye mlezi. Hii ni dhuluma juu ya dhiki. Shule ikisikia habari ya namna hiyo haina budi kuyapokea maelezo ya nyumbani kama ushahidi, na kuchunguza ni amri gani zinazomgharimu mtoto kimya kimya, kuanzia mizigo ya kazi za nyumbani, ambazo kwa watoto wengi wa aina hii ni afadhali zipunguzwe au ziondolewe kabisa, ili nyumba ibaki kuwa mahali pa kupumzika.

Wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki, kama si dhulma kwa watoto wengine darasani mmoja wao akiruhusiwa asiyoruhusiwa mwingine. Jibu ni kwamba uadilifu si siku zote kuwapa watu wote kitu kimoja. Mtoto asiyeona vizuri mbali huvaa miwani wala wenziwe hawaoni kwamba wamenyimwa. Watoto huelewa jambo hili wakielezwa kwa ukweli na kwa ufupi, na mara nyingi wakubwa ndio wanaoona tabu zaidi kulipokea, kwa kuwa sisi tulilelewa tukidhani kwamba heshima ya mwalimu hupimwa kwa wepesi wa kutiiwa.

Haifai kumficha msomaji kwamba wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya asili ya jambo hili. Hali hii haimo, kama ugonjwa wenye jina lake, katika mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, wala katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Na wengi wa wanaolitumia jina la PDA nchini Uingereza huisema hali hii kuwa ni sura mojawapo ya usonji. Mwaka 2014 Liz O'Nions na wenzake walitunga hojaji yenye maswali 26 kwa wazazi, ili utafiti uwe na kipimo kimoja. Na mwaka 2015 Christopher Gillberg wa Sweden na wenzake, waliochunguza vijana wa Visiwa vya Faroe, waliripoti kwamba karibu mmoja kati ya watano wa wale wenye usonji alikuwa ameonyesha dalili hizi utotoni. Kwa upande wa pili, Jonathan Green na wenzake waliandika mwaka 2018 kwamba dalili zipo lakini hazitoshi kuwa ugonjwa unaojitegemea, na kwamba huenda zinatokana na mchanganyiko wa usonji, wahka na mambo mengine. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alikuwa amekwenda mbali zaidi tangu mwaka 2013, akahoji kama ni insafu kuliita ugonjwa jambo la mtu kukataa matakwa ya wengine, ambayo pengine hayana maana kwake. Hoja hizi ni nzito na zinastahili kuendelea. Lakini mtoto aliye chini ya meza leo hawezi kungoja mpaka zihitimishwe, na jambo la kushukuru ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuwa dhiki yake ni ya kweli.

Sheria za Uingereza zenyewe hazikuusimamisha msaada juu ya jina la ugonjwa. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inazilazimu shule kufanya marekebisho yanayowezekana kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu, na Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014, katika ile sehemu ya Uingereza iitwayo England, inampa mtoto mwenye mahitaji makubwa haki ya kuandikiwa mpango mmoja unaounganisha elimu, afya na ustawi wake. Hata hivyo sheria njema haijatosha. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa jumuiya ya hisani iitwayo PDA Society, uliotegemea majibu ya familia zilizojitolea kujibu, ulionyesha kwamba asilimia 70 ya watoto waliotajwa walikuwa hawawezi kustahimili mazingira ya shule au walikuwa wakifundishwa nyumbani. Hao ni watoto wa nchi yenye walimu wasaidizi madarasani na wanasaikolojia wa shule.

Katika Afrika Mashariki usonji umeanza kujulikana, na shule kadhaa za msingi zina vitengo vya watoto hao, lakini sura hii yake bado ni ngeni kwa walimu wengi, na mtoto wa namna hii yumkini yuko katika darasa la wanafunzi sabini akihesabiwa miongoni mwa watukutu. Nchini Kenya adhabu ya viboko imekatazwa shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Nchini Tanzania kanuni za elimu zinairuhusu kwa mipaka, isizidi viboko vinne, na kwa idhini ya mwalimu mkuu. Sheria iwayo yote, kiboko hakimfundishi lolote mtoto anayekataa kwa sababu ya hofu, isipokuwa hofu mpya. Na mengi kati ya yaliyotajwa humu hayahitaji fedha wala mtaalamu kutoka mbali: kuteua mwalimu mmoja wa kumwangalia, kupunguza amri zisizo na ulazima, kubadili namna ya kusema, kumwachia pembe ya kivuli chini ya mwembe ajitulize, na kumsikiliza mama yake anapoeleza, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa shule iliyo maskini kuliko zote.

Kwa hiyo, mwalimu unayesoma maneno haya, kabla hujaandika katika daftari lako kwamba fulani ni mkaidi, jiulize kama umemwona akikosa hata yale anayoyapenda, kama adhabu zako zimemrekebisha au zimemzidishia, na kama siku uliyosema naye kwa upole bila kumwamuru alikujibu vingine. Nawe mzazi, usikubali kuaibishwa kwa hali usiyoisababisha. Andika unayoyaona nyumbani, uyapeleke shuleni, na uombe kusikilizwa. Mwalimu anayempunguzia mtoto huyu amri hapotezi mamlaka yake, kwa kuwa mamlaka yaliyojengwa juu ya hofu hayakuwa na nguvu juu yake tangu mwanzo. Na yale yaliyojengwa juu ya uaminifu ndiyo pekee atakayoyafuata.